Ukoko

Jino la Mhangwa lilianza Jumatatu,
gego la chini, kushoto, upande anaotafunia.
Akaja dukani kwangu Kirumba na magamba ya sangara
yamegandia kwenye nywele za mkono.
"Dada Nyamizi, nipe zile nyeupe."
Nikampa. Nani hapewi zile nyeupe?
Hupewa mtoto mwenye homa, bibi mwenye magoti,
nazihesabu kwa mkasi: mbili, nne, kipande cha karatasi.

Jumanne akarudi. Nikakata.
Jumatano akamtuma mwanawe. Nikakata.
Usiku huo, niliambiwa baadaye,
shemeji yake wa Pasiansi alimpa na za mafua, zile za rangi mbili,
na hakuna aliyesoma mgongo wa pakiti
kwamba ndani ya jina jipya amelala yuleyule.
Kula hakuweza. Uji wa chumvi, maji,
na kifuniko cha gongo cha kusukutulia
alichoona si vyema kukitema.

Hesabu nimeirudia mara nyingi,
nyuma ya daftari la madeni:
nane kwa siku, huo ndio mwisho, kwa mtu mzima aliyeshiba.
Yeye kumi na nne. Siku moja kumi na saba.
Na hakushiba.

Ini halina kelele.
Ni jiko la uani, na mpishi mmoja asiyelala.
Dawa ikifika anaipika, anaipoza, anaitoa kwa mkojo,
na karibu yote huondoka hivyo, kwa amani.
Lakini jungu gani lilipikwa likakosa ukoko?
Sehemu ndogo huungua, hugeuka kitu chenye meno.
Kila punje ina mlinzi wake wa kuikwangua:
punje moja, mlinzi mmoja, wanatoka wote wawili, hawarudi.
Na walinzi hao huzaliwa kwa chakula.
Tumbo likikauka siku tatu, wanapungua.
Vidonge vikizidi, wanaitwa wote, wanakwisha.
Ndipo ukoko unapoanza kulila jungu.

Alhamisi alikuwa mzima. Hilo ndilo linaloniuma.
Alitapika alfajiri, basi.
Mchana akaingia zamu kiwandani, akapasua samaki,
akayatupa maini yao kwenye ndoo,
moja, jingine, jingine,
akipiga mluzi kwa upande wa mdomo usiouma.

Ijumaa akashika mbavu za kulia.
Jumamosi mkewe Ng'washi akamgeuza uso kuelekea dirishani:
macho yalikuwa na rangi ya bizari.

Walimpandisha kilimani, Bugando.
"Umemeza vingapi?" Akahesabu vidole,
akafika cha saba, akaacha.
"Jino liliuma," alisema.
Wakamtundikia dripu ya dawa inayonuka kama yai viza,
ile ya kuwarudisha walinzi.
"Mmechelewa," muuguzi alisema, "ila si bure."

Kumkata mtu maini, tunasema, ni kumvunja moyo.
Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini tangu adhuhuri,
na jioni nilipotafuta nauli
nikaukuta mkasi wangu mfukoni mwa koti.

Mhangwa alipona. Kitanda cha pili yake hakikupona mtu,
naye hata sikumjua jina.
Jino lile waling'oa mwezi uliofuata:
sindano ya ganzi, dakika sita,
gharama chini ya vidonge vya wiki ile na nauli.

Siku hizi mtu akitaka zile nyeupe namuuliza:
Umekula? Umekunywa nini kingine?
Wengi hudhani ni salamu, wanaitikia, "Nashukuru."

Jana kaja mtoto, sarafu zimelowa kiganjani.
"Nimetumwa."
Na nani? Kwa maumivu gani? Tangu lini?
Ananitazama. Hajui. Ametumwa.
Mkasi ninao mkononi.
Sijakata.